Mwaka Mama Alipomsikiliza Rukia

Rukia alifika kwenye mazishi ya mama yangu akiwa amechelewa, na bado akapewa kiti cha mbele. Sisi watoto tulikuwa tumekaa kwenye benchi chini ya turubai, kando ya migomba, tukimsubiri padri, nikasikia kilio kinapanda kutoka njiani, kile kilio cha wanawake wa kwetu Kilema ambacho hakimpandii mgeni hivi hivi. Nikageuka. Mwanamke mnene, kajitanda kanga, miwani imejaa ukungu wa machozi, majirani wamemshika huku na huku asije akaanguka. Shangazi yangu akamgusa bega mdogo wangu wa mwisho, akamwambia, "Sogea, dada yako apate pa kukaa." Dada yako! Huyo dada ni mtu wa Pangani, hana hata mjomba wa kusingizia kwenye mlima huu. Akakaa katikati yetu, akanishika goti, akasema, "Felista, mama katuacha." Nikamjibu pole, maana ndivyo mtu anavyojibu, lakini moyoni nikasema: kaniacha mimi, wewe mama yako alikuwa Pangani. Nina miaka sitini na kitu, nina wajukuu, nimestaafu serikalini kwa heshima zangu zote, na nilikuwa namwonea mtu wivu mbele ya jeneza la mama. Wanasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Uongo mtupu. Mimi nimeushiriki tangu mwaka ule wa mvua kubwa na sijapungua hata kilo moja.

Mwaka ninaousema ni katika ile miaka ya soko huria, mitumba ilipoanza kujaa mjini Moshi mpaka wasomi wakaacha kuona haya kuinama kwenye marundo, na serikali ikawa inapunguza watu kazini kama mtu anavyopunguza machipukizi ya migomba. Mimi na Rukia tuliponea chupuchupu, nadhani kwa sababu mishahara yetu ilikuwa midogo hata kuikata kusingemfaidisha mtu. Tulipangiwa kitengo cha mazingira pale mkoani, chumba kimoja chenye ukuta wa mbao nyembamba, ng'ambo yake ofisi ya mkuu wetu, Mzee Shayo. Kazi yetu, ukiiondolea maneno ya semina, ilikuwa kuijua hatari kabla haijafika. Kulikuwa na vipima mvua kwenye shule, misheni na zahanati, kutoka Sanya Juu mpaka kwetu Kilema. Kila asubuhi mwalimu au katekista anasoma, anampelekea mtendaji wa kata, mtendaji anatuita kwa redio, sisi tunaandika ubaoni. Kwenye madaraja tulikuwa na nguzo zilizopakwa rangi. Maji yakigusa nyekundu, watu wa bondeni waambiwe wapande. Tulifuatilia moto msituni, miti iliyokatwa kando ya mito, dawa ya kahawa iliyosafishiwa kwenye mifereji ambayo watu wanakunywa. Ukutani ilikuwepo ramani ya mkoa na pini zenye vichwa vyekundu mahali pa hatari. Mzee Shayo alikuwa akituona tunazichoma, anasema, "Taratibu jamani. Hapo kuna watu wanakula, hamshoni sketi."

Tulipanga chumba kimoja Majengo, nyuma ya fundi cherehani, jirani na msikiti. Rukia alifurahia adhana, mimi nikafurahia kodi. Vitanda viwili, jiko la mafuta ya taa, pazia la kitenge katikati kwa ajili ya heshima. Yeye akipika wali wa nazi, ua zima lilijua. Watoto wa mwenye nyumba walianza kupita mlangoni kwetu mmoja mmoja, wanasalimia shikamoo ambazo siku za ndizi zangu hazikusikika. Kumbe hata wakubwa walikuwa na lao. Siku moja nafua nguo uani, nikamsikia fundi anaongea na mteja wake dirishani. "Yule wa Tanga ana ulimi wa asali," alisema. Mteja akauliza, "Na mwenzake, yule Mchaga?" Fundi akacheka kwanza. "Yule? Hata akikusalimia, unajipapasa mfuko. Anaongea kama anadai." Nilikamua shuka mpaka likalia. Kilichoniuma ni kwamba hakuwa anasema uongo. Kwetu tunaongea hivyo, maneno yamenyooka, na mpaka nilipoanza kulala chumba kimoja na Rukia sikujua kuna namna nyingine ya kumwomba mtu chumvi.

Ni kwenye chumba hicho nilipompa silaha. Tulikuwa tunakula, akaniuliza kwa nini mipaka yote ya vihamba vyetu, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, imepandwa mmea uleule wenye majani marefu. Nikamwambia ni masale. Ndiyo mpaka wetu, na ndiyo msamaha wetu pia. Ukimkosea mtu, hata kosa la damu, unachuma jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea. Akikataa kulipokea, laana inamgeukia yeye. "Hata kama hataki kusamehe?" aliuliza. "Hata kama hataki," nikasema, kwa majivuno makubwa, kana kwamba sale niliigundua mimi. Alitafuna polepole, akatikisa kichwa. Rukia alikuwa na tabia hiyo ya kukusikiliza mpaka unajiona una maana, na hata hilo nililionea wivu, maana mimi huwa namaliza sentensi za watu.

Krismasi nikampeleka nyumbani. Ni mwiko Mchaga kuikosa Krismasi nyumbani, na sikuweza kumwacha mtoto wa watu peke yake Majengo. Pale kwenye kizingiti cha jiko akamsalimia mama kwa Kichaga, "Shimbonyi, mae!" kwa lafudhi ya pwani, maneno yote yamelegea kama ndizi iliyoiva mno, na wanawake waliokuwa wanamenya wakacheka mpaka wakashikana. Mama akamkumbatia. Mimi aliniambia, "Umekuja? Kata majani ya ng'ombe." Halafu nikagundua mambo. Kwanza, mama alikuwa amemtuma mtu mpaka Himo kumleta Mwislamu achinje mbuzi. Mbuzi wa Krismasi, nyumba ya Kikatoliki, kachinjwa na mzee wa kofia, na wala hakuna aliyeshangaa! Pili, kwenye msumari ulining'inia sufuria mpya. "Hiyo ni ya Rukia," mama akasema, "isiguswe, nyingine zote zimepikiwa nguruwe." Mimi nimezaliwa katika nyumba ile, nimekulia humo, na sijawahi kuwa na sufuria. Nikamtania, "Mama, na mimi nisilimu?" Akanijibu bila kucheka, "Wewe kula ulichokikuta." Usiku ule waliongea wawili motoni, mambo ya Pangani, jinsi nazi inavyokunwa, na mama aliyekuwa akiniuliza mimi maswali mawili tu, kama nimekula na kama nasali, alimuuliza Rukia habari za bahari.

Masika yakaingia vibaya. Ubaoni kwetu tarakimu za kila asubuhi zikawa zinapanda, pini nyekundu zikaisha tukaanza kutumia za bluu. Ndipo katekista wa Kilema akaita kwa redio: juu ya mfongo kuna ufa. Mfongo ni mfereji wa wazee, unakata ubavu wa kilima kupeleka maji vihambani, na huo ulipita juu kabisa ya nyumba yetu. Juu yake palikuwa na shamba la jirani yetu, Baba Anselmi. Bei ya kahawa ilipoanguka aling'oa kahawa, akawauzia wapasua mbao miti yote ya kivuli, akapanda nyanya kwenye mteremko ambao hata mbuzi anashuka kwa tahadhari. Sasa hakukuwa na mizizi ya kushika udongo, mfongo umejaa, na maji yalikuwa yanazama ndani ya ufa. Tulipanda kwenda kuuona. Mkono wangu uliingia mpaka kwenye kiwiko. Mimi ndiye niliyepigilia vigingi, kimoja upande huu wa ufa, kimoja upande ule, nikafunga kamba katikati. Kamba ikikaza, kilima kinasogea. Katekista akapewa kazi ya kuiangalia kila asubuhi. Naisema hiyo kamba kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyewahi kuisema.

Kamati ya maafa ya mkoa ikaamua: mfongo ufungwe kule juu maji yanakoingilia, na kaya zote chini ya ufa zihamie madarasani mpaka mvua iishe. Wanaume wa mfongo wakaufunga. Kuhama ndiyo ikawa kasheshe. Nyumba ya kwanza chini ya ufa ilikuwa ya mama, na majirani wote wakasema neno moja: "Mama Felista akihama, tunahama. Mtoto wake ndiye serikali. Kama yeye ametulia, sisi tuna haraka gani?" Kwa hiyo kila kitu kikamwangukia mama, na mama akawa kazi yangu. Nikapanda mlimani kifua mbele. Nikamkuta anakoroga mtori.

"Mama, kilima kinapasuka."

"Kimepasuka tangu zamani, kikajifunga chenyewe."

"Mama, hii ni amri ya mkoa."

"Mkoa ndiyo nani? Si wewe, niliyekuogesha kwenye beseni lile pale?" Akaonja mtori, akaongeza chumvi. "Ng'ombe nimwache na nani? Na baba yako nimwache kaburini pale migombani peke yake, kwenye mvua hii? Watu wakihamishwa, nani aliyewahi kurudishwa? Kula, unapoa."

Nikapandisha sauti. Nikamwambia atakufa kwa ubishi, nikamtajia asiyesikia la mkuu. Akanijibu kwamba mkuu ni yeye, guu livunjike langu. Nje ya uzio nikasikia watu wanacheka. Nilirudi tena, nikarudi na tena. Nililia mbele yake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu komunyo ya kwanza. Alinipangusa machozi kwa kanga yake yenye harufu ya moshi, akanifungia mkungu wa ndizi wa kuondoka nao, akabaki. Kushuka nikawa nauchukia ule mkungu kichwani. Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo wanavyosema. Mimi nilicheza kwetu nikapewa ndizi.

Kisha nikasikia yaliyosemwa ng'ambo ya ukuta wa mbao. Mzee Shayo alikuwa na mtu wa kamati. "Mpeleke Rukia," alisema huyo mtu. Mzee Shayo akasema, "Lakini pale ni kwao Felista." Na yule akajibu, "Ndiyo maana." Kiti cha mkuu kikalia, na nikajua amekubali. Rukia alikuwa amekaa mkabala nami, naye kasikia, akainamisha macho kwenye meza. Bora angetabasamu, ningepata sababu ya kumchukia. Nataka nieleweke hapa. Nilitaka mama ahame. Haki ya Mungu, nilitaka. Nilikuwa siwezi kulala mvua ikipiga bati. Lakini nilitaka ahame kwa neno langu. Kama kungekuwa na namna ya mama kupona na Rukia kushindwa, ningewasha mishumaa kanisa zima.

Asubuhi iliyofuata katekista akaita: kamba imekatika. Landrova ya ofisi ikatufikisha mpaka ilipoishia lami na imani, tukapanda kwa miguu, matope mpaka kwenye magoti. Mimi mbele, nataka nifike kwanza. Kwenye mpaka wa kihamba chetu nikageuka, nikamwona Rukia amesimama anachuma jani la sale.

"Unafanya nini?"

"Si ulinifundisha mwenyewe."

"Rukia, jani halichezewi! Hujamkosea mtu kitu."

"Najua," akasema, na akaendelea kulifunga fundo, fundo baya, kama la kamba ya kiatu cha mtoto.

Mama alikuwa motoni. Rukia akavua mabuti mlangoni, akaingia na soksi zimelowa, akapiga magoti kwenye majivu, jani kalishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umelowa hivyo? Sogea motoni."

"Mama, nimekuja kukuomba radhi."

"Umenikosea nini?"

"Bado sijakukosea. Nakukosea sasa hivi. Nimekuja kukutoa nyumbani kwako, nikutenge na kaburi la baba, na mvua inanyesha. Nimekaa na watu wa huku, nimejua hakuna kosa kubwa kuliko hilo. Sasa nimetanguliza radhi."

Moto ulikuwa unapasua kuni. Mimi nimesimama mlangoni, maji yananichuruzika mgongoni, nikijua kwamba katika maombi yangu yote sikuwahi hata mara moja kumwambia mama kwamba ninachomwomba ni kikubwa. Nilimwambia ni amri. Nilimwambia ni busara. Mama alilitazama lile fundo muda mrefu. Halafu akaniangalia mimi. "Wewe ndiye uliyemfundisha?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, mtikiso ambao sikujua kama ni sifa au masikitiko, akanyoosha mkono akalipokea jani. Akasimama. Akaumwagia moto maji, moto ambao sikuwahi kuuona umezimwa kwenye jiko lile. Akatoka na rozari, na ile sufuria ya Rukia, akimswaga ng'ombe mbele, na mpaka tunafika njia kubwa majirani walikuwa nyuma yetu na magodoro vichwani. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Wote wakaitikia kwa vigelegele, huku wananyeshewa.

Kilima kilishuka siku ya pili yake mchana, watoto wakiwa kwenye foleni ya uji. Tulisikia mlio mrefu, wa chini, na baada ya hapo mbwa. Tulipoweza kwenda kuangalia, jiko halikuwepo, banda la ng'ombe halikuwepo, na nyanya za Baba Anselmi, nyekundu na nzima, zilikuwa zimetapakaa uani kwetu. Upande wenye kaburi la baba uliachwa. Hakufa mtu hata mmoja. Mzee Shayo alikuja na wakubwa, akamshika Rukia mikono miwili mbele ya watu, mwenyekiti wa kijiji akatoa hotuba, wanawake wakamvisha kanga. Mimi nilikuwa ndani nagawa mablanketi. Baadaye Rukia alipandishwa cheo, akaenda makao makuu, akawa mtu wa kuwafundisha watendaji wa mikoa mingine jinsi ya kuzungumza na watu kabla ya maafa. Nilihudhuria semina yake mara moja. Alisimulia habari ya jani la sale, akamwita mama yangu "mama yangu wa Kilema", ukumbi mzima ukampigia makofi, na mimi, niliyekaa safu ya nyuma na soda ya vuguvugu, nikapiga makofi kuliko wote ili nisionekane. Kusema haki, hakuniibia. Jioni ileile alinitaja jina, akasema mwalimu wake ni mimi. Lakini wivu haujui kusoma haki, na mpaka leo nikikumbuka makofi yale meno yanauma.

Siku ile kilima kiliposhuka, watu walipotulia, nilimkuta mama darasani, kakaa kwenye dawati la watoto wa chekechea, magoti yamepanda juu, anamenya ndizi za watu wote. Nikakaa chini, nikachukua kisu, nikamenya naye. Nilikuwa nimejiapiza sitauliza. Nikauliza.

"Mama, mimi nilikuja mara ngapi? Nimekuomba, nimelia. Ukakataa. Yeye kaja mara moja, na jani limefungwa vibaya."

"Limefungwa vibaya kweli," akasema, akacheka kidogo.

"Nijibu, mama."

Akaweka ndizi kwenye beseni la maji, akachukua nyingine. "Yule ni mtoto wa watu. Nikimkatalia, ataondoka na aibu yake, na mimi ninamfuata wapi nikamrudishe? Wewe nikikukatalia leo, kesho asubuhi uko mlangoni unapiga kelele. Nikikukatalia na kesho, keshokutwa uko palepale." Akanitazama usoni. "Katika dunia nzima ni wewe tu ninayeweza kukukatalia. Sasa mbona unalia? Menya."

Nilielewa. Sikuwa mjinga hata wakati ule. Nilijua nimepewa fungu kubwa kuliko la mtu yeyote aliyekuwa mle darasani, fungu ambalo Rukia hatalipata hata akilia misiba yetu yote. Nikamenya ndizi. Lakini mama hayupo tena, na kila nikilipima fungu langu naona ningelitoa lote, lote kabisa, ili anione nimesimama mlangoni nimelowa, nimwambie twende, naye aumwagie moto maji.